Zanzibar: Nilifuata urojo, nikarudi na hesabu ya kamba

Msomaji wangu, wiki hii sikuletei habari za fukwe za Nungwi wala muziki wa usiku wa Kendwa. Hizo unazijua, na picha zake umeshaziona mpaka macho yamechoka. Leo nakupeleka Ng'ambo, uswahilini kabisa, kwa shangazi yangu, kwenye kisima cha msikiti ambacho mtalii hakijui na mwenyeji mwenyewe ameanza kukisahau. Kaa mkao wa kula, utaona kwa nini.

Nilipanda boti ya asubuhi kutoka Dar. Safari ni kama saa mbili hivi, na kama kawaida abiria waligawanyika makundi mawili: wanaojipiga picha na wanaotapika. Mimi nilikaa nje, nyuma, nayatazama maji. Jirani yangu, dada mmoja wa Kinondoni aliyekuwa anakwenda Zanzibar kwa mara ya kwanza, akaniuliza, "Kaka, mbona unaangalia maji kama mtu aliyedondosha pochi?"

Nikamwambia, "Naangalia waya."

Akacheka, akadhani namtania. Lakini ni kweli bwana. Njiani boti hukatiza juu ya waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni, kaskazini mwa Dar, mpaka Fumba, kusini mwa Unguja. Wa kwanza ulilazwa mwaka 1980, uwezo wake megawati 45. Wa pili ulikuja mwaka 2013, megawati 100, urefu wake zaidi ya kilomita 35, kwa fedha za msaada kutoka Marekani. Feni itakayokupepea gesti, soda baridi utakayokunywa Darajani, maji utakayoogea ukitoka ufukweni, vyote vinapitia huko chini kwa samaki.

"Na ukikatika?" dada akauliza.

"Ulishakatika," nikamwambia. "Mimi nilikuwapo."

WIKI NNE ZA GIZA

Usiku wa tarehe 21 Mei 2008 umeme ulizimika Unguja. Watu wakasema ah, kawaida tu, utarudi. Haukurudi mpaka tarehe 18 Juni. Wiki nne kamili, msomaji. Wakati huo ulikuwapo waya mmoja tu, na kisiwa kizima cha Unguja kilikuwa kinaning'inia hapo. Pemba wao hawakuwa kwenye waya huo; walikuwa na majenereta yao ya dizeli, na waya wao kutoka Tanga ulikuja baadaye, mwaka 2010.

Mimi enzi hizo nasoma chuo Dar. Baba akaniita, akanipa begi lenye mishumaa na betri za tochi. "Nenda kamwone shangazi yako. Siku ya nne leo simu yake haipatikani."

Shangazi yangu, dada yake baba, anaishi Ng'ambo tangu aolewe. Ana kisukari, anajidunga insulini, na insulini inataka ubaridi. Sasa jaza mwenyewe: friji imezima, joto la Unguja unalijua, na simu ambayo angeitumia kuomba msaada imekufa chaji.

Nilimkuta kakaa barazani, kanga kajifunga vizuri, hana hata haraka. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hawajambo huko kwenu kwenye taa?"

Kisha akanieleza jambo ambalo sijalisahau mpaka leo. "Siku ya mwanzo tulikosa taa. Siku ya pili tukakosa maji. Ya tatu tukakosa samaki. Ya nne tukakosa kuulizana hali. Mie nilidhani ni vitu vinne. Kumbe ni kitu kimoja."

Hebu rudia hayo maneno taratibu. Maji yaliondoka kwa sababu yanatoka visimani kwa pampu, na pampu zinakula umeme. Samaki waliondoka kwa sababu barafu iliyeyuka, na mvuvi hawezi kuleta mzigo wa kuoza. Simu zilizima kwa sababu betri hazina pa kuchajiwa. Mwanamke yule hakuwahi kukanyaga chuo, lakini pale barazani alikuwa anafundisha somo ambalo wasomi wa dunia wanalipigia hesabu kwa kompyuta.

NILIVYOHANGAIKIA BARAFU

Kijana wa mjini nikajifanya mjanja. Nikasema nitaleta barafu, insulini ipoe. Rafiki yangu mmoja alikuwa jikoni kwenye hoteli moja yenye jenereta. Shida ya kwanza, simu yake haipatikani, lazima nimfuate. Nikaazima vespa ya jirani. Shida ya pili, vespa haina mafuta. Nikaenda sheli. Shida ya tatu, foleni imezunguka kona, kwa sababu pampu ya mafuta nayo ni ya umeme, na jenereta la kuiendesha lilikuwa linawashwa kwa saa chache tu. Nilipopata lita zangu mbili jua lilikuwa linazama. Nilipofika hotelini, rafiki yangu zamu yake imekwisha, keshaondoka zamani. Nikarudi mikono mitupu, jasho linanichuruzika.

Nikamkuta shangazi kaweka chupa zake kwenye mtungi wa udongo, kafunga kitambaa kibichi, kauweka kivulini penye upepo. Nesi wa mtaani ndiye aliyemwelekeza, na akamwonya pia kwamba hata barafu niliyoihangaikia ingeweza kumharibia dawa, maana insulini ikiganda haifai tena.

"Na maji ya kulowesha umeyapata wapi?" nikauliza.

Akanionyesha kwa mdomo. Hatua kama arobaini kutoka mlangoni kwake kilikuwapo kisima cha msikiti, cha zamani, cha kamba na ndoo. Mtaa mzima ulikuwa umerudi pale. Kulikuwa na foleni, lakini foleni ya heshima: wagonjwa na wazee kwanza, mzee mmoja kashika zamu, anayeleta fujo anarudishwa nyuma. Kamba yenyewe ilikuwa ya shangazi. Pima saba. Ilikuwa imekaa uvunguni tangu enzi za marehemu mumewe.

Nilizunguka mji mzima, kumbe jibu lilikuwa uvunguni.

Basi bwana, shangazi akavuka salama. Akavuka na ile ya pili pia, iliyoanza Desemba 2009 na kumalizika Machi 2010. Hiyo ilikuwa miezi mitatu, si mchezo.

KIDAFTARI CHANGU

Sasa turudi kwenye safari yangu ya juzi. Nilifika bandarini, nikala urojo wangu kwanza, maana tumbo halina siasa. Kisha nikatoa kidaftari cha mistari. Nilikuwa nimejiwekea kazi: kuchora nani Zanzibar anamshika nani mkono. Kila nitakayekutana naye nimwulize maswali matatu. Moja, wewe unamtegemea nani? Pili, huyo akikosekana, utasimama baada ya muda gani? Tatu, wewe ukisimama, nani atasimama baada yako?

Nilianza Darajani kwa muuza samaki. Anategemea barafu. Barafu ikikosekana ana mpaka jioni, basi. Akisimama yeye, anasimama mama ntilie wa nyuma yake na mikahawa miwili ya mtaa wa pili. Nikachora mishale.

Nikaenda Mji Mkongwe, kwenye gesti moja ndogo yenye mlango wa nakshi. Mwenyewe akanikaribisha kwa kahawa, kifua mbele. "Mie sina wasiwasi ndugu yangu. Nina jenereta."

"Lina mafuta ya siku ngapi?"

"Mbili."

"Na ya tatu?"

"Nakwenda sheli."

"Sheli inasukuma mafuta kwa nini?"

Akanyamaza kidogo. "Wana jenereta lao."

"Linakunywa nini?"

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Ah, wewe sasa unataka kunilaza macho!"

Sikumwacha hapo. Mafuta utalipia kwa nini? Siku hizi wengi tunalipa kwa simu. Simu inataka mnara. Mnara una betri za kuhimili kwa muda, na pengine jenereta, ambalo linataka mafuta, ambayo yanaletwa na gari, ambalo linaitwa kwa simu. Na umeme wenyewe siku hizi tunaununua kwa simu! Yaani mnara unasubiri umeme, na mimi nasubiri mnara ili nipate umeme. Mshale ulitoka kwenye nukta, ukazunguka ukurasa mzima, ukarudi pale pale ulipoanzia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali la pili ndilo kubwa kuliko yote. Kusema "maji yanategemea umeme" kila mtu anaweza. Lakini nyumba yenye tangi juu ya paa ina siku mbili tatu, nyumba yenye ndoo moja ina saa chache. Gesti ina siku mbili za dizeli. Muuza samaki ana mpaka jioni. Ukiandika hayo masaa pembeni ya kila mshale, karatasi inaanza kusema yenyewe: saa sita za kwanza nani yuko chini, siku ya pili nani anafuata, wiki ya kwanza imebaki nini.

WASOMI NAO WAMO

Usidhani nimetunga mchezo wa kupoteza muda. Mwaka 2001 Wamarekani watatu, Steven Rinaldi, James Peerenboom na Terrence Kelly, waliandika makala ambayo mpaka leo wataalamu wa mambo haya wanaitumia kama msingi. Walisema mitambo mikubwa inayotubeba, kama umeme, maji, mafuta, simu, usafiri na benki, hushikana kwa njia nne. Nami nakueleza kwa mifano ya kwetu.

Ya kwanza ni ya mkono kwa mkono: kinachotoka huku ndicho kinacholiwa kule. Umeme na pampu ya maji. Hiyo rahisi.

Ya pili ni ya taarifa. Unakumbuka Mei 2021, mfumo wa kununua umeme wa LUKU ulipogoma Bara kwa siku kadhaa? Umeme ulikuwapo, nguzo zimesimama, nyaya nzima. Lakini aliyekwishiwa yuniti alilala gizani, kwa sababu namba za kuingiza kwenye mita hazikupatikana. Kilichokatika ni mawasiliano ya mashine na mashine.

Ya tatu ni ya mahali pamoja. Vitu viwili havidaiani chochote, lakini vimelala kitanda kimoja, kikiungua vyote vimeungua. Hapa nirudishe ule waya wa 2013. Ni mkubwa zaidi ya mara mbili ya ule wa 1980, na umeleta nafuu ya kweli. Ila nao unatoka Ras Kiromoni na kutua Fumba, njia ile ile. Na unabeba umeme wa gridi ya Bara. Gridi ikizima yote, waya hata uwe mpya kama pini hauna cha kubeba.

Ya nne ndiyo yenye visa: hakuna bomba wala waya, ni tabia za watu, bei, sheria na maamuzi. Mafuta ya taa yakipanda bei kwa sababu kila mtu anayataka usiku mmoja, huo nao ni mshale, chora.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Mchumi Wassily Leontief alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa jedwali lake linaloonyesha kila sekta inakula nini kutoka kwa nyingine. Mwaka 2001 Yacov Haimes na Pu Jiang wakaligeuza jedwali hilo: badala ya kuuliza sekta moja inazalisha kiasi gani, wakauliza ikilemaa kwa kiasi fulani, wenzake watalemaa kiasi gani. Mwuza samaki wangu angewaelewa mara moja.

Na hao Wazungu wenyewe hawakusalimika. Tarehe 28 Septemba 2003 laini moja ya umeme nchini Uswisi iligusa mti, na kabla ya kucha karibu Italia nzima ilikuwa gizani. Mwaka 2010 Sergey Buldyrev na wenzake walilichukua tukio hilo kwenye jarida la Nature na kuonyesha kwa hesabu jambo la kuogofya: mitandao miwili inayoegemeana, umeme na mawasiliano, huweza kuporomoka kwa ghafla kuliko mtandao mmoja unaosimama peke yake. Umeme unaangusha mawasiliano, mawasiliano yanaangusha umeme uliobaki, zamu kwa zamu, mpaka kinyume chake kinakuwa hakuna.

HABARI YA WATOTO

Sasa na ile uliyokuwa unaisubiri. Giza la 2008 lilileta watoto!

Usicheke, imeandikwa. Mchumi anayeitwa Alfredo Burlando alichunguza kumbukumbu za uzazi za Zanzibar, akakuta kwamba miezi minane hadi kumi baada ya kiza kile, watoto waliozaliwa waliongezeka waziwazi. Vijiji vyenye umeme viliona ongezeko hilo, hata vile ambavyo nyumba chache tu zimeunganishwa. Vijiji visivyo na umeme kabisa havikuona mabadiliko. Maana yake nini? Maana yake hata asiye na waya nyumbani kwake maisha yake ya jioni yanaongozwa na umeme wa jirani. Huo ndio mshale wa nne, ule usio na bomba.

Lakini utafiti wake mwingine unaondoa kicheko. Waliokuwa wanafanya kazi zinazohitaji umeme walipoteza saa za kazi na kipato. Na watoto waliokuwa tumboni wakati wa kiza walizaliwa na uzito mdogo kuliko kawaida. Waya umekatika baharini, na alama yake imeonekana kwenye mizani ya wodi ya wazazi. Sikiliza, hapo mimi niliufunga ukurasa nikakaa kimya.

HAMAMNI, MAJI YASIYOJUA UMEME

Kabla ya kwenda kwa shangazi nilipitia Hamamni, kwenye mabafu ya zamani ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Humo ndani ni ubaridi na kimya, mwanga unaingia juu kidogo kidogo. Barghash ndiye aliyeleta mjini maji ya mfereji kutoka chemchemi za nje ya mji. Hakukuwa na pampu ya umeme hata moja. Maji yalijiendea yenyewe.

Sisemi turudi kwa masultani, la hasha. Mji wa leo ni mkubwa mno kwa mfereji ule, na bila pampu watu wengi wasingepata tone. Ninachosema ni kwamba kila raha tuliyoiongeza tumeifunga kwa fundo kwenye ile iliyotangulia. Hakuna ubaya. Ubaya ni kutojua mafundo yako wapi.

KISIMA KIMEZIBWA

Nilifika Ng'ambo alasiri. Shangazi kazeeka, lakini ulimi uko vile vile. "Umenenepa mwanangu. Huko Bara mnakula nini, saruji?"

Tukala wali kwa samaki wa nazi. Nikamwonyesha kidaftari. Akavaa miwani, akafuata mishale kwa kidole, mmoja mmoja. Mwisho akauliza, "Na kisima changu kiko wapi hapa?"

Nilikuwa nimekisahau! Tukatoka kwenda kukiona.

Wasomaji, nilichokikuta kilininyong'onyeza. Kisima kipo, lakini mdomo umezibwa kwa saruji. Bomba moja linatoka pembeni, linakwenda kwenye pampu ya umeme, pampu inajaza tangi la plastiki juu ya nguzo. Kizuri, kisafi, unafungua koki unatawadha. Kile kitu kimoja mtaani ambacho mwaka 2008 hakikumtegemea mtu, nacho sasa kimeingizwa kwenye mstari na wenzake.

Nikataka kulaumu. Mzee mmoja wa barazani akanituliza. "Kijana, usihukumu haraka. Kuna mtoto alichungulia hapa, akateleza. Tulimdaka mguu. Wewe ungefanyaje?"

Sikuwa na jibu. Shangazi ndiye aliyekuwa nalo. "Mtoto tumemdaka, Alhamdulillahi. Lakini umeme ukiondoka mwezi, mimi maji ya mtungi nitayateka wapi? Wekeni mfuniko wa chuma, wenye kufuli. Ufunguo akae nao mwadhini."

Wazee wakatazamana. Ikajadiliwa pale pale, kahawa ikapita mara mbili. Fundi wa kuchomelea aliyekuwa jirani akaulizwa bei. Nami nikatoa kidogo nilichokuwa nacho, nikapanda boti ya siku ya pili kurudi Bongo.

Wiki mbili baadaye shangazi akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka.

"Mfuniko umewekwa," akasema. "Tumejaribu na kamba yangu."

"Safi sana shangazi!"

"Safi nini? Haikufika. Ndoo imebaki inaning'inia, maji tunayaona kule chini. Yameshuka. Zamani pima saba zilitosha na kubaki. Sasa zataka tisa, au kumi."

Nikakaa kitandani nikiwa na simu mkononi. Miaka yote ile, uvunguni mwa shangazi palikuwa na kamba, na sote tulijua ipo, tukalala usingizi. Lau umeme ungekatika mwezi mzima kabla ya siku ile, mgonjwa wa kisukari angefika kisimani na kamba fupi, mbele ya mdomo uliozibwa.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, jioni hii chukua karatasi. Chora nyumba yako katikati. Maji yanatoka wapi, yanasukumwa na nini, pesa yako iko kwenye simu au mfukoni, dawa ya mama iko kwenye friji ya nani. Pembeni ya kila mshale andika masaa. Kisha, hapa ndipo wengi tunapolegea, nenda ukajaribu. Lile jenereta la kwenye stoo liwashe. Ile tochi ibonyeze. Ile kamba itumbukize.

Mimi nilikwenda Kariakoo asubuhi iliyofuata, nikanunua kamba ya nailoni, pima kumi na mbili, nikampa mtu anayepanda boti. Shangazi keshaipokea. Kasema ni nzuri, ila rangi yake ya kishamba.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.